Kuhama Portland kwenda Vancouver kwa sababu ya kodi: hesabu ya familia moja

Portland uko jimbo la Oregon. Ukivuka mto Columbia kwa daraja la I-5 au la I-205, unaingia Vancouver, mji ulio jimbo la Washington (Vancouver ya Kanada ni nyingine kabisa). Oregon inatoza kodi ya mapato iliyo miongoni mwa kubwa zaidi Marekani, lakini haina kodi ya mauzo hata senti moja. Washington haigusi mshahara wa mfanyakazi wa kawaida kwa kodi ya mapato, lakini ukinunua viatu, kochi au simu unalipa karibu 9% juu ya bei. Kwa hiyo familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, zikishakaa Portland mwaka mmoja au miwili, huambiwa maneno yale yale: hamieni Vancouver, kule hakuna kodi.

Maneno hayo yameponza watu, na nataka kuonyesha ni wapi yanapokosea kwa kufuata kisa kimoja hadi mwisho. Familia yenyewe ni ya mfano. Sheria na viwango vya kodi ya mapato ni vya kweli, na hesabu ni za mwaka wa kodi 2024.

Mume na mke wametokea Kivu Kusini, wakapitia kambi ya Nyarugusu, na sasa wanaishi East Portland kwenye nyumba ya kupanga. Wana watoto wawili, mmoja wa miaka 11 na mwingine wa 7. Mume anafanya kazi kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege wa Portland kwa dola 52,000 kwa mwaka. Mke anahudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee Gresham, mji jirani ulio Oregon pia, kwa dola 36,000. Jumla ni 88,000. Shemeji yao anayeishi Vancouver amewashauri wahamie kule, na mke amepata tetesi za kazi kama yake upande huo, kwa mshahara ule ule. Mbele ya safari wanataka kununua nyumba. Swali lao: tukihama, tutabaki na shilingi ngapi zaidi mfukoni?

Tuanze na walipo. Mtu aliyezoea TRA ya Tanzania au KRA ya Kenya hutarajia mkusanya kodi mmoja. Marekani serikali kuu ina kodi yake ya mapato na jimbo lina yake, kila moja na ritani yake, yaani fomu ya kodi ya mwaka. Kwa serikali kuu, familia hii inaondoa kwenye mapato punguzo la kawaida la dola 29,200, yaani sehemu isiyotozwa, inakokotoa kodi kwenye kinachobaki, kisha inaondoa dola 4,000 za nafuu ya watoto wawili. Inabaki kodi ya dola 2,592. Hiyo haitabadilika sana wakivuka mto, kwa hiyo tuiweke pembeni.

Ya Oregon ndiyo yenye uzito. Viwango ni vinne: 4.75%, 6.75%, 8.75% na 9.9%. Watu wakisikia 9.9% hushtuka, lakini kiwango hicho kwa wanandoa kinaanza baada ya dola 250,000. Shida halisi iko kwenye 8.75%, kwa sababu mwaka 2024 ilianza mapema mno, baada ya dola 21,500 tu za mapato ya kutozwa. Mfanyakazi wa ghala na daktari wanakutana humo. Familia yetu inaondoa punguzo la kawaida la Oregon la dola 5,495, inaondoa pia ile kodi ya serikali kuu (Oregon inaruhusu hilo hadi kikomo fulani), na mwisho inapata nafuu ya dola 249 kwa kila mtu. Kinachobaki ni kodi ya takriban dola 5,400. Kuna pia kodi ndogo ya usafiri wa umma ya 0.1% ya mshahara, na kodi ya sanaa ya jiji la Portland, dola 35 kwa kila mtu mzima, ambayo wageni wengi hawajui kuwa ipo mpaka barua ya faini ifike.

Dola 5,400 ndizo shemeji alizoziona alipowaambia wahame. Anadhani zote zitabaki mfukoni.

Wahame nyumba, kazi zibaki

Tuseme wanahamia Vancouver siku ya kwanza ya mwaka, na wote wawili wanaendelea na kazi zao za Oregon. Kodi yao ya mapato ya Oregon inakuwa ngapi? Ni ile ile, dola 5,400.

Hapa ndipo wengi wanapoumia. Oregon inamtoza mkaazi wake kwa mapato yake yote, popote alipoyapata. Asiye mkaazi inamtoza kwa mapato aliyoyapata kwa kazi iliyofanyika ndani ya Oregon. Ghala liko Portland, wazee wako Gresham, basi mshahara wote ni wa Oregon. Mwajiri ataendelea kukata kama kawaida, na mwisho wa mwaka watajaza ritani ya wasio wakaazi badala ya ile ya wakaazi. Ingekuwa Washington nayo inatoza mishahara, ingewapa nafuu kwa kodi waliyolipa jimbo jingine, kama majimbo mengi yanavyofanya. Lakini haitozi, kwa hiyo hakuna cha kupunguziwa.

Wakati huo huo wameingia kwenye kodi ya mauzo. Hii inahitaji maelezo kwa mtu aliyetoka kwetu, kwa sababu VAT ya Tanzania, Kenya au Kongo kwa kawaida huwa imeshamo kwenye bei unayoiona rafuni. Marekani bei ya rafuni haina kodi. Inaongezwa pale unapolipa. Washington ina 6.5% ya jimbo, halafu mji na kaunti huongeza zao, ndipo inafika karibu 9%. Vyakula vya kupika nyumbani havitozwi, wala dawa za kuandikiwa na daktari. Unga, mchele, maharage, nyama, mboga, vyote vinapita bure. Kinachotozwa ni nguo, sabuni, vyombo, samani, soda, chakula cha mgahawani na kutengeneza gari, vipuri pamoja na ufundi. Kodi ya pango haiguswi. Kwa familia ya watu wanne yenye kipato hiki, tuseme dola 15,000 kwa mwaka zinakwenda kwenye vitu vinavyotozwa. Hapo kuna kodi ya dola 1,350.

Kwa hiyo wakihama bila kuhamisha kazi, wanapoteza. Wanaokoa dola 70 za kodi ya sanaa na kulipa 1,350 mpya, na bado wote wawili wanapanga foleni ya daraja asubuhi na jioni.

Shemeji atajibu kwamba si lazima wanunue Vancouver. Wavuke Portland Jumamosi wakanunue bila kodi, kama wafanyavyo watu maelfu. Kisheria mkaazi wa Washington anayenunua kitu Oregon na kukitumia nyumbani anadaiwa kodi ya matumizi, kwa kiwango sawa na kodi ya mauzo. Hakuna askari darajani anayekagua sabuni. Lakini kwa gari hakuna pa kujificha. Mkaazi mpya anatakiwa kusajili gari ndani ya siku 30, na hapo kodi ya matumizi inadaiwa. Aliyelimiliki na kulitumia gari lake nje ya Washington kwa siku 90 au zaidi kabla ya kuhamia anasamehewa. Aliyelinunua wiki tatu kabla ya kuhama, kwa kudhani amewahi, analipa. Kwa gari la dola 20,000 ni kama 1,800. Kama mna mpango wa kubadili gari na mna mpango wa kuhama, hesabuni hizo siku 90 kwanza.

Njia nyingine inayopendekezwa ni kutumia anwani ya ndugu wa Vancouver huku mkiendelea kulala Portland. Hiyo ni udanganyifu wa kodi, nami siwezi kuipaka rangi. Tena haisaidii kitu: kazi za Oregon zinatozwa hata ukiishi kweli Vancouver. Na mtu mwenye makao ya kudumu Oregon anayekaa humo zaidi ya siku 200 kwa mwaka anahesabiwa mkaazi hata akisema kwao ni kwingine.

Mke ahamishe kazi pia

Hesabu inageuka mke akipata ile kazi ya Vancouver kwa dola 36,000. Sasa Oregon inaona dola 52,000 za mume tu, ambazo ni 59% ya mapato ya nyumba. Mapunguzo na nafuu za Oregon nazo wanapata 59% yake. Kodi inashuka kutoka 5,400 hadi takriban 2,940. Wameokoa dola 2,450 hivi. Toa 1,350 za kodi ya mauzo. Toa pia 0.58% ya mshahara wa mke inayokwenda kwenye mfuko wa Washington wa huduma za uzeeni na ulemavu, WA Cares, kama dola 209. (Makato ya likizo ya uzazi na ugonjwa yapo majimbo yote mawili na yanakaribiana, kwa hiyo hayabadilishi kitu.) Faida inayobaki ni chini kidogo ya dola 1,000 kwa mwaka, na mafuta ya mume ya kuvuka mto kila siku yanatoka humo humo.

Faida hiyo ipo, ila haifiki hata moja ya tano ya alichoahidi shemeji. Na yote imeletwa na kazi ya mke. Nyumba haikuchangia kitu. Ndiyo maana nawaambia watu waulize kwanza mshahara utapatikana upande gani wa mto, kisha ndipo watafute nyumba. Kwa asiye mkaazi wa Oregon, kodi ya mapato inafuata mahali kazi inapofanyika. Ya mauzo inafuata mahali kitu kinapotumika. Ya majengo inafuata ardhi ilipo. Anwani yako peke yake haijibu maswali yote matatu.

Kuna mtego mkubwa zaidi kwa anayebadili mpangilio huu, akaanza kazi Vancouver kabla ya kuhama Portland. Mke bado ni mkaazi wa Oregon, kwa hiyo anadaiwa kodi ya Oregon kwa mshahara wote wa Washington. Lakini mwajiri wa Washington asiye na shughuli Oregon halazimiki kuikata, na wengi hawakati. Malipo ya kila wiki mbili yanaonekana manono, familia inafurahi, pesa zinatumwa Bukavu kwa ada za wadogo zake. Aprili ikifika, deni ni kama dola 3,150 kwa mkupuo, kwa sababu kila dola ya mke inaangukia kwenye ile 8.75%, na huenda pakawa na riba juu yake. Mkiona hati ya mshahara haina mstari wa kodi ya Oregon na bado mnaishi Oregon, muulizeni mwajiri akubali kuikata kwa hiari, au mlipe wenyewe kila robo mwaka. Nimeliandika hili kwa urefu kwa sababu mshahara mnono usiokatwa kodi ndio unaovunja bajeti za watu waliokuwa wakijitahidi kwa uaminifu.

Wakinunua nyumba

Kwenye kodi ya majengo majimbo haya yanatofautiana kwa namna ambayo hata wazaliwa wa huku wengi hawaielewi.

Washington inatathmini nyumba kila mwaka kwa bei ya soko. Katiba yake inaweka kikomo cha 1% ya thamani kwa tozo za kawaida, na tozo zinazopigiwa kura na wananchi zinaweza kuzidi hapo. Kuna pia sheria ya kwamba mapato ya kodi hiyo kwa kila mamlaka yasikue zaidi ya 1% kwa mwaka bila kura. Hilo si ahadi kwa mwenye nyumba mmoja mmoja. Mtaa wenu ukipanda bei kuliko mitaa mingine, bili yenu inaweza kupanda kwa kiwango kikubwa zaidi.

Oregon ilichukua njia nyingine. Mwaka 1990 wapiga kura walipitisha Kipimo cha 5 (Measure 5, pendekezo la sheria linalopigiwa kura), kilichoweka kikomo cha kodi kwa thamani ya soko. Mwaka 1997 wakapitisha Kipimo cha 50, kilichoirudisha thamani ya kutozwa hadi 90% ya bei ya soko ya mwaka 1995, kisha kikaruhusu ikue 3% tu kwa mwaka. Nyumba ikiuzwa, thamani hiyo haianzi upya, mnunuzi anairithi. Matokeo yake, nyumba mbili zinazouzwa bei moja leo zinaweza kuwa na kodi tofauti kabisa. Mitaa ya ndani ya kaskazini mashariki mwa Portland, iliyokuwa ya bei ya chini miaka ya tisini na sasa ni ghali, inatozwa kwa sehemu ndogo ya thamani yake. East Portland, ambako bei hazikupanda kwa kasi hiyo na ambako wakimbizi na wahamiaji wengi wanaishi, inatozwa kwa sehemu kubwa zaidi. Mimi naliona hilo kuwa dhuluma, na sioni neno jingine linalolifaa: mwenye nyumba ya kawaida mashariki anabeba zaidi, kwa kila dola ya thamani, kuliko aliye kwenye mtaa uliotajirika.

Tuseme nyumba ya dola 400,000. Ile ya East Portland imetathminiwa 210,000 na kiwango ni dola 25 kwa kila elfu: kodi ni 5,250. Nyumba nyingine ya bei hiyo hiyo mtaa wa ndani, iliyotathminiwa 120,000, inalipa 3,000. Ya Vancouver, kwa kiwango cha dola 9 kwa kila elfu ya bei ya soko, inalipa 3,600. Nambari hizi ni za kuonyesha umbo la jambo. Msinunue kwa wastani wa mji. Fungueni rekodi ya nyumba yenyewe. Kwa Portland tovuti ya PortlandMaps inaonyesha kodi ya kila kiwanja, miaka kadhaa nyuma.

Sasa jambo ambalo sijamsikia shemeji yeyote akilitaja. Wakichukua mkopo wa dola 350,000 kwa riba ya 6.5%, mwaka wa kwanza watalipa riba ya karibu 22,600. Kwenye ritani ya Oregon wanaweza kuiondoa riba hiyo pamoja na kodi ya majengo, badala ya lile punguzo dogo la 5,495. Wakinunua East Portland, kodi yao ya mapato ya Oregon inashuka kutoka 5,400 hadi takriban 3,460 bila kuvuka mto wowote. Wakinunua Vancouver na mke akafanya kazi huko, inashuka hadi kama 1,870. Tofauti ya kodi ya mapato kati ya pande mbili imepungua kutoka 2,450 hadi 1,590, na kodi ya mauzo pamoja na WA Cares zinakula 1,559. Imekwisha. Kinachobaki kuamua ni kodi ya majengo: dhidi ya ile nyumba ya East Portland Vancouver inawaokolea 1,650, na dhidi ya ile ya mtaa wa ndani inawagharimu 600 zaidi.

Kwa hiyo familia hii ingefanya nini? Wakiwa wapangaji na kazi zote Oregon, wabaki walipo. Mke akiajiriwa Vancouver, wahame kabla au karibu na siku ya kuanza kazi, na wasitarajie zaidi ya dola elfu moja. Wakinunua, nyumba kwa nyumba ndiyo itakayoamua, pamoja na shule na foleni ya daraja.

Kisa kingine kingetoa jibu jingine. Mstaafu asiye na mshahara, anayeishi Vancouver, hana kodi ya mapato ya jimbo kwenye pensheni yake, ila kila anunuacho kina 9% isipokuwa chakula na dawa. Familia ya dola 40,000 yenye watoto, iliyoishi Washington angalau siku 183, inaweza kupata nafuu ya Working Families Tax Credit, ambayo inafika zaidi ya dola 1,200 kwa mwaka, na hata wanaotumia namba ya ITIN (namba ya kodi ya wasio na Social Security) wanaruhusiwa. Wengi wanaostahili hawaiombi, na inauma, kwa sababu hata hivyo mfumo wa Washington unawalemea maskini: ripoti ya mwaka 2024 ya ITEP, taasisi inayochunguza kodi, iliuweka wa pili kwa kuwabebesha mzigo wenye kipato cha chini, nyuma ya Florida peke yake. Kodi ya mauzo haijui nani ana nini.

Majimbo haya hayakufika hapa kwa bahati. Washington wananchi walipitisha kodi ya mapato mwaka 1932, na mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ya jimbo ikaifuta kwa hoja kwamba mapato ni mali, na mali lazima itozwe kwa kiwango kimoja. Oregon wapiga kura wamekataa kodi ya mauzo mara tisa, mara ya mwisho 1993.

Bado ritani ya mwaka wa kuhama. Wakihama katikati ya mwaka hawatajaza fomu ya wakaazi wala ya wasio wakaazi. Kuna fomu ya tatu, OR-40-P, ya waliokaa sehemu ya mwaka, na watahitaji hati za mshahara zinazoonyesha kipi kilipatikana kabla na kipi baada ya kuhama. Watunze mkataba wa pango na bili ya kwanza ya umeme ya Vancouver, maana ndivyo vitakavyothibitisha tarehe.

Kisha kuna ile ziada ambayo Oregon huwarudishia walipa kodi mapato ya jimbo yanapozidi makadirio kwa 2% au zaidi. Ya mwaka 2025 ilikuwa karibu 9.9% ya kodi ya Oregon ya mwaka 2024 kabla ya kuondoa nafuu, kwa familia hii kama dola 630. Inaombwa kwenye ritani ya 2025, na aliyelipa kodi 2024 anastahili hata kama sasa haishi Oregon wala hana mapato huko. Lakini lazima ajaze ritani.